Kuomba, Kuombea na Kuombeana: Uhakiki wa Lugha ya Kuwakumbuka Marehemu katika Maisha ya Parokia ya Kikatoliki Tanzania

1. Utangulizi

Katika parokia nyingi za Kikatoliki nchini Tanzania, mwezi Novemba huanza kwa kuandika majina. Waamini huorodhesha ndugu zao waliofariki, hutia orodha hizo katika bahasha pamoja na sadaka, na bahasha huwekwa karibu na altare ili waliotajwa humo waombewe mwezi mzima. Tarehe 2 Novemba, siku ya kuwakumbuka marehemu wote, makaburi hufyekwa, mishumaa huwashwa na padre hupita akiyabariki. Nje ya mwezi huo, kumbukumbu huendelea katika nia za misa za kila siku, katika misa za arobaini na za kutimiza mwaka, na katika sala za jumuiya ndogo ndogo zinazokutana nyumba kwa nyumba.

Swali ambalo matendo hayo huibua ni jepesi kuuliza na gumu kujibu: wanaosali huwafanyia nini marehemu? Majibu mawili husikika mara kwa mara. La kwanza hutoka kwa baadhi ya Wakristo wasio Wakatoliki, nalo hudai kwamba Wakatoliki huomba wafu, jambo ambalo Maandiko hulikataza. La pili hutoka kwa baadhi ya wachambuzi wa dini na utamaduni, nalo husema kwamba misa ya marehemu ni tambiko la wahenga lililobadilishiwa mavazi. Majibu haya hutofautiana katika kuthamini: la kwanza hulaani, la pili huridhia au hata husifu. Hata hivyo, yanafanana katika maelezo yake ya msingi. Yote mawili humchukulia marehemu kuwa ndiye anayeendewa na wahitaji, mwenye uwezo wa kutoa.

Sehemu hii inahakiki maelezo hayo kwa kuanzia mahali ambapo hayakuanzia, yaani katika lugha yenyewe inayotumika parokiani. Hoja yake ni kwamba sarufi ya Kiswahili cha sala humweka marehemu katika nafasi ya mhitaji, na kwamba nafasi hiyo ndiyo heshima kubwa zaidi ambayo parokia humpa. Hoja ya pili inatokana na ya kwanza. Matini nyingine za parokia hiyohiyo, hususan wasifu wa marehemu na tangazo la nia ya misa, humwondoa marehemu katika nafasi hiyo bila kukusudia. Anayepoteza zaidi ni yule ambaye hakuacha jina kubwa wala ndugu wa kumtaja.

2. Mofimu moja na nafasi ya marehemu

Kitenzi omba kinapobeba kiambishi cha yambwa, yambwa hiyo kwa kawaida ni yule anayeombwa. Kumwomba mzee ni kumwendea mzee kwa haja. Kinaponyambuliwa katika kauli ya kutendea na kuwa ombea, uhusiano hubadilika: yambwa sasa ni yule anayenufaika na ombi. Kumwombea mzee ni kumwendea mwingine kwa ajili ya mzee. Tofauti ya umbo ni mofimu moja tu, -e-, lakini tofauti ya maana ni tofauti ya upande. Katika kumwomba marehemu, haja iko kwa aliye hai na uwezo uko kwa aliyekufa. Katika kumwombea marehemu, haja iko kwa aliyekufa, na aliye hai husimama kama mwakilishi wake mbele ya mwenye uwezo.

Mwenye uwezo huyo, Mungu, hana kiambishi chake ndani ya kitenzi ombea. Kiambishi cha yambwa hushikwa na marehemu, na Mungu hutajwa, anapotajwa, kwa kuongeza maneno kwa Mungu. Msomaji wa haraka anaweza kuona hapo upungufu wa kiteolojia. Usomaji makini huona kinyume chake. Sala huelekezwa kwa Mungu kama mzungumziwa, na kwa hiyo hahitaji kuwa yambwa. Marehemu ndiye anayezungumziwa. Katika sala za misa ya wafu, nafsi ya pili hubaki ya Mungu na marehemu hukaa katika nafsi ya tatu. Mtu anayeombwa huitwa kwa nafsi ya pili. Anayeombewa hutajwa kwa nafsi ya tatu. Kwa kigezo hiki pekee, dai la kwamba misa ya marehemu ni kuomba wafu halina ushahidi katika matini inalozihukumu.

Uhakiki wa haki hauwezi kuishia hapo, kwa sababu mstari huo una pande mbili. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 958, hufundisha kwamba sala kwa ajili ya marehemu huweza kuwasaidia, na pia huweza kuyafanya maombezi yao kwa ajili ya walio hai yawe na nguvu. Hapo kuombea huzaa kuombewa, na viwili hivyo hukutana katika kauli ya kutendeana: kuombeana. Kiswahili kina umbo tayari kwa fundisho hilo la ushirika wa watakatifu. Mpangilio wa maumbo hayo ni muhimu. Kuombeana hakujengwi moja kwa moja juu ya omba, bali juu ya ombea. Lugha yenyewe huonesha kwamba ushirika na marehemu, kwa ufahamu huu, huanzia katika kumhudumia na siyo katika kumtaka atoe.

3. Mbiti, Nyamiti na mipaka ya dhana ya kumbukumbu

Mjadala wa kitaaluma kuhusu wafu katika dini za Kiafrika hauwezi kuepuka kitabu cha John Mbiti cha mwaka 1969, African Religions and Philosophy. Mbiti, Mkenya na Mwanglikana, aliteua maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, yawe istilahi zake za wakati. Kwa maelezo yake, aliyefariki hubaki katika sasa maadamu wapo waliomfahamu na wanaolikumbuka jina lake, muda unaoweza kufikia vizazi vinne au vitano. Anapofariki wa mwisho aliyemfahamu, marehemu huzama katika zamani na kupoteza utu wake binafsi.

Nguvu ya maelezo haya ni kwamba huonesha kwa nini jina lina uzito. Bahasha ya Novemba husomeka vyema kwa mwanga wa Mbiti: kuandika jina ni kumzuia mtu asizame. Udhaifu wake, yanapotumiwa kueleza parokia, ni kwamba hufanya uhai wa marehemu utegemee kumbukumbu ya binadamu. Liturujia ya Kikatoliki haikubali sharti hilo. Kila Sala ya Ekaristi ina sehemu ya kuwakumbuka marehemu, na mawanda yake hupita mipaka ya waliofahamika. Sala ya Ekaristi ya Nne huwataja hata wale ambao imani yao ilijulikana na Mungu pekee. Kwa hiyo, hakuna misa ambayo wafu wasiotajwa kwa jina hawaombewi. Mtu aliyekwisha kuingia katika zamani ya Mbiti angali katika sala ya leo asubuhi ya kigango kidogo ambacho hakikumjua.

Charles Nyamiti, mwanateolojia Mtanzania, alifuata njia nyingine katika Christ as Our Ancestor, kitabu cha mwaka 1984. Aliichukua dhana ya mhenga na kuitumia kumweleza Kristo mwenyewe, na kwa njia hiyo ushirika kati ya walio hai na waliofariki ukapata kitovu kimoja. Wosia wa kitume Ecclesia in Africa wa mwaka 1995, katika namba 43, nao huiona imani ya Waafrika katika ushirika na wafu kuwa aina fulani ya maandalizi ya kuupokea ushirika wa watakatifu. Mkondo huu una faida ya kuona mwendelezo pale ambapo wamisionari wengi waliona giza tu. Hata hivyo, dhana ya mhenga hubeba ukuu wa umri, uzao na mfano mwema wa maisha. Je, kijana aliyekufa kwa pikipiki kabla ya kuoa, mtoto mchanga, au mlevi aliyeokotwa barabarani ni mhenga? Kwa vigezo vya kawaida vya uhenga, sivyo. Kwa kitenzi ombea, wote ni sawa, kwa kuwa kitenzi hicho hakidai sifa yoyote kwa yambwa yake isipokuwa uhitaji.

Mfano wa nchi jirani huzuia hitimisho la haraka. Misale ya Kiroma kwa majimbo ya Zaire, iliyoidhinishwa mwaka 1988 na inayohusu pia majimbo ya Kongo ya mashariki ambako Kiswahili ni lugha ya ibada, ina mwito wa kuwaalika watakatifu pamoja na wahenga waliomtumikia Mungu kwa dhamiri njema. Hapo wahenga husemeshwa kwa nafsi ya pili. Hata hivyo, wanachoombwa ni kuwa pamoja na wanaosali. Huo ni uhusiano wa tatu, wa kuwa pamoja, ambao haupaswi kuchanganywa na kuomba haja wala na kuombea. Pia unahusu wahenga wenye sifa maalumu. Kwa hiyo hauchukui nafasi ya sala kwa ajili ya marehemu wote, nayo imebaki katika misale hiyo kama katika nyingine.

4. Marehemu, toharani, roho: msamiati unaosema zaidi ya wasemaji

Istilahi za Kikatoliki za kifo hazikuzaliwa mahali patupu. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipoanzisha misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, walikuta lugha ya pwani ambayo tayari ilikuwa na maneno ya kufia, kuzikia na kuombea, mengi yakiwa yamepita katika Kiarabu na kukomaa katika maisha ya Waislamu. Sala za Kikatoliki zilirithi maneno hayo na kuyapa kazi mpya, lakini maumbo yake ya awali hayakufutika.

Neno marehemu ni mfano bora. Katika Kiarabu lina umbo la mtendewa: aliyerehemiwa. Katika Kiswahili cha leo humaanisha tu mtu aliyekufa, na Mwislamu na Mkristo hulitumia bila tofauti. Mzizi wake, hata hivyo, ungali hai katika rehema na rehemu. Kumwombea marehemu rehema ni, kwa umbo, kumtakia huruma mtu ambaye jina lake linasema amekwisha kuipata. Mhakiki anaweza kusema kwamba huku ni kujipinga. Fundisho lenyewe lina umbo hilohilo. Katekisimu, namba 1030, hueleza kwamba wanaofariki katika neema ya Mungu bila kutakaswa kikamilifu wana hakika ya wokovu, lakini bado hupitia utakaso. Wamerehemiwa na bado wanahitaji rehema. Kwa kuwa neno hilo hupewa kila aliyekufa bila kuuliza hali yake, haliwezi kuwa hukumu. Linafanya kazi ya tumaini. Lugha ya pwani iliipatia parokia namna ya kumtaja mfu ambayo tayari ni nusu ya sala.

Neno toharani huleta swali tofauti. Kiambishi -ni huwafanya wengi wafikirie mahali, kama shambani au sokoni, na mahubiri ya zamani yaliyojaa moto na minyororo yaliimarisha taswira hiyo. Papa Yohane Paulo II, katika katekesi ya tarehe 4 Agosti 1999, alifafanua kwamba neno hilo halimaanishi mahali bali hali ya kuwapo. Papa Benedikto XVI, katika Spe Salvi ya mwaka 2007, aliueleza utakaso huo kuwa ni kukutana na Kristo, tukio lisilopimwa kwa muda wa duniani. Inaweza kudhaniwa kwamba Kiswahili kinapingana na ufafanuzi huo kwa sababu ya -ni yake. Dhana hiyo si sahihi. Kiswahili husema mtu yuko mashakani, yuko hatarini, yuko taabuni, na hakuna msikilizaji anayeuliza mashaka hayo yako wilaya gani. Toharani husomeka vyema katika kundi hilo la hali. Shina lenyewe, tohara, hubeba usafi na vilevile huibua jando: maumivu yenye mwisho, yanayompeleka mtu katika daraja jingine, huku wenzake wakimsubiri. Taswira hii inakaribia fundisho kuliko taswira ya gereza, nayo imo ndani ya neno bila kuongezwa chochote.

Upande wa hasara umo katika neno roho. Mara nyingi nia husemwa kuwa ni kuiombea roho ya marehemu fulani. Kwa upatanisho wa kisarufi, marehemu ambaye alikuwa katika ngeli ya A-WA hushushwa katika I-ZI, ngeli ya vitu. Ulinganisho na Roho Mtakatifu, ambaye siku zote hupatanishwa kwa A-WA, huonesha kwamba lugha ina uwezo wa kuchagua. Kumwombea marehemu hulinda utu wake mzima, ule ambao Kanisa hukiri kwamba utafufuliwa na mwili wake. Kuiombea roho yake humgawa. Tofauti hii ni ndogo katika matamshi, lakini kwa mfiwa aliyezoea kumwita mama yake kwa yu na a, si ndogo.

5. Wasifu wa marehemu: sifa inayoziba sala

Matini inayosikilizwa kwa makini kuliko zote katika mazishi ya Tanzania huenda ikawa ni wasifu wa marehemu. Hueleza kuzaliwa, shule, ndoa, kazi, ugonjwa, kifo, na idadi ya watoto na wajukuu walioachwa. Muundo wake umekuwa thabiti kiasi kwamba msikilizaji hutambua mara moja palipokatwa. Ndoa ya kwanza haitajwi. Miaka fulani haina tukio. Ugonjwa huitwa mrefu bila jina. Katika mwisho wa matini hii, marehemu huwa mpole, mkarimu, mcha Mungu na mpenda watu.

Mwongozo Mkuu wa Misale ya Roma, namba 382, huagiza kwamba katika misa ya mazishi pawe kwa kawaida na mahubiri mafupi, lakini pasiwe na hotuba ya kumsifu marehemu ya namna yoyote. Agizo hili huonekana kwa wengi kuwa ukali wa Kirumi usioelewa msiba wa Kiafrika. Uhakiki wa matini hizo mbili kwa pamoja huonesha sababu yake. Sala humwombea marehemu msamaha wa dhambi. Wasifu, uliosomwa dakika chache kabla au baada yake, umeeleza kwamba hakuwa nazo. Mwandishi wa wasifu hukusudia heshima, lakini humnyang'anya marehemu kile ambacho sala ilikuja kumpa. Aliyesifiwa kikamilifu haachiwi nafasi ya kuombewa. Humbakia kupongezwa tu, na baada ya pongezi watu hutawanyika.

Andiko ambalo Wakatoliki hulitegemea zaidi kuhusu desturi hii, Kitabu cha Pili cha Wamakabayo 12:38–45, lina mwelekeo tofauti kabisa. Askari wa Yuda Makabayo walipokwenda kuwachukua wenzao waliouawa vitani ili wawazike, waliwakuta wamevaa chini ya nguo zao vitu vilivyowekwa wakfu kwa sanamu za Yamnia, vitu ambavyo msomaji wa Kiswahili huvitambua mara moja kuwa hirizi. Kosa halikufichwa. Lilitajwa, likalaaniwa, na hapohapo ukafanyika mchango wa drakma 2,000 za fedha, zikapelekwa Yerusalemu zitolewe sadaka kwa ajili ya dhambi. Katika simulizi hilo, hirizi na sala havipingani: hirizi ndiyo sababu ya sala. Yuda alikuwa na nafasi ya kuandika wasifu wa mashujaa, lakini simulizi humsifu kwa kuchanga.

Haifuati kutokana na hoja hii kwamba wasifu ufutwe, au kwamba aibu za marehemu zitangazwe. Wafiwa wana haki ya kumsikia mtu wao akisimuliwa, na Kiswahili kina adabu yake ya kusitiri. Kinachodaiwa ni kwamba kusitiri kuna namna mbili. Upo usitiri unaosema hakuna kilichokuwapo, na upo usitiri unaokiri kwamba kipo kisichosemwa, kisha ukakikabidhi kwa sala. Wasifu unaomalizia kwa kuomba msamaha kwa niaba ya marehemu kwa wale aliowakosea, kama baadhi ya familia zifanyavyo, ni wa namna ya pili. Sentensi hiyo moja hurudisha mofimu ya kuombea katika matini iliyokuwa imeipoteza.

6. Tangazo la nia: majina mawili katika sentensi moja

Tangazo la nia ya misa ni matini fupi kuliko zote. Kwa kawaida lina majina mawili: la anayeombewa na la aliyeomba misa, au la familia yake. Kisarufi, jina la kwanza ndilo kiini na la pili ni nyongeza. Katika usomaji mbele ya waamini, uzito huweza kugeuka. Familia inayojulikana ikitajwa kwa jina na cheo, msikilizaji huondoka akikumbuka nani ameleta misa kuliko nani ameombewa. Sala huwa taarifa ya kijamii.

Hatari hii ilitambuliwa mapema. Mtaguso wa Trento, katika tamko lake kuhusu toharani la Desemba 1563, ulithibitisha kwamba walio toharani husaidiwa na maombezi ya waamini, hasa kwa sadaka ya altare, na palepale ukakataza yale yanayoelekea udadisi, ushirikina na faida ya aibu. Mkusanyiko wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983 umeendeleza pande zote mbili. Kanuni ya 945 humruhusu padre kupokea sadaka ili aadhimishe misa kwa nia fulani, na humhimiza kwa nguvu aadhimishe kwa nia za waamini, hasa wahitaji, hata bila kupokea sadaka. Kanuni ya 947 huagiza kwamba hata sura ya biashara iepukwe kabisa katika jambo hili.

Sehemu ya pili ya kanuni ya 945 ni nadra kupata nafasi katika matangazo yanayoelekeza waamini namna ya kuandikisha nia. Matokeo yake ni ya kimantiki. Mjane asiye na sadaka hujifunza kutokana na umbo la tangazo kwamba nia huja na bahasha, na kwamba mume wake atasubiri hadi mavuno. Sheria haisemi hivyo. Umbo la matini ndilo linalosema. Uhakiki wa lugha una wajibu wa kuonesha kwamba matini hufundisha pia kwa kile inachokiacha.

7. Wasio na wa kuwataja

Kipimo cha mwisho cha lugha yoyote ya kuombea ni namna inavyomtendea asiye na mwombaji. Katika baadhi ya parokia hutokea mabishano mlangoni pa kanisa kuhusu marehemu ambaye hakuhudhuria jumuiya yake au hakulipa michango. Viongozi husema hakuwa mwenzao; ndugu husema alibatizwa. Kanuni ya 1184 huorodhesha wanaonyimwa mazishi ya kikanisa iwapo hawakuonesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa: walioasi imani, wazushi na wafarakano waliojulikana, waliochagua kuchomwa miili yao kwa sababu zinazopinga imani ya Kikristo, na wadhambi wa wazi ambao mazishi yao yangeleta makwazo kwa waamini. Deni la michango halimo. Kwa kuwa orodha ni ya kunyima haki, kanuni za tafsiri za sheria hiyohiyo hudai isomwe kwa ufinyu.

Jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu wa AMECEA walizipa kipaumbele katika mkutano wao wa mwaka 1976, zilikusudiwa kuwa mahali ambapo Mkristo hujulikana kwa jina. Ni zao kubwa la uinjilishaji wa Afrika Mashariki, na wafiwa wengi hawajui wangezika vipi bila wanajumuiya waliolala matangani nao. Kasoro huingia pale ambapo kujulikana, kulikokuwa zawadi, hugeuka kuwa sharti. Hapo nadharia ya Mbiti hutimia kwa namna ya kusikitisha: aliyesahauliwa na wenzake akiwa hai huhesabiwa amekwisha kuzama.

Mfano wa aliyejiua hudhihirisha kwamba lugha ya Kanisa huweza kubadilika. Sheria ya mwaka 1917 iliwataja waliojiua kwa makusudi miongoni mwa waliokosa mazishi ya kikanisa. Sheria ya mwaka 1983 haikuwataja tena, na Katekisimu, namba 2283, husema kwamba Kanisa huwaombea. Mtu aliyekuwa katika orodha ya kunyimwa amehamishiwa katika yambwa ya kitenzi ombea. Parokia ambazo bado hunong'ona katika misiba ya namna hiyo hufuata sarufi ambayo Kanisa lenyewe limeiacha.

Siku ya tarehe 2 Novemba husomeka upya kwa mwanga huu. Asili yake huhusishwa na Odilo, abate wa Cluny nchini Ufaransa, karibu na mwisho wa karne ya 10. Neno la msingi katika jina la siku hiyo ni wote. Papa Benedikto XV, katikati ya vita vya dunia, aliruhusu tarehe 10 Agosti 1915 kwamba kila padre aadhimishe misa tatu siku hiyo, moja kati yake ikiwa kwa ajili ya marehemu waamini wote. Misa hiyo haina jina la mtu mmoja, wala padre hapokei sadaka kwa ajili yake. Bahasha za Novemba na misa ya wote si mambo mawili yanayoshindana. Bahasha hulinda jina. Misa ya wote humlinda asiye na jina. Parokia inayotangaza ya kwanza kwa majuma matatu na ya pili kwa sentensi moja imeyumbisha mizani hiyo.

8. Hitimisho

Uhakiki huu umeonesha kwamba dai la kuomba wafu na dai la tambiko lililobadilishiwa mavazi yote hushindwa katika hatua ya maelezo, kabla hata ya kufika katika kuthamini. Sala za parokia humweka marehemu katika nafasi ya yambwa ya kutendea, mhitaji anayesemewa na wengine mbele ya Mungu, na huufikia uhusiano wa kuombeana kwa kupitia njia hiyo. Msamiati uliorithiwa kutoka pwani, hasa marehemu na toharani, huitumikia maana hiyo vizuri zaidi kuliko inavyodhaniwa.

Aidha, imebainika kwamba tishio kubwa kwa lugha hiyo halitoki nje. Linatoka katika wasifu unaomkamilisha marehemu mapema mno, katika tangazo linalompandisha mleta nia juu ya mwombewa, na katika mlango unaofungwa kwa deni la michango. Wasifu humfanya marehemu asihitaji sala. Tangazo humfanya asionekane ndani yake. Mlango humfanya asiistahili. Matini hizi zote ziko mikononi mwa watu wa kawaida wa parokia: familia, katibu, mwenyekiti wa jumuiya, katekista. Zinaweza kuandikwa upya bila kusubiri amri. Tangazo linaweza kutaja kwanza anayeombewa na kukumbusha kwamba asiye na sadaka naye apokelewe. Wasifu unaweza kuacha sentensi moja ya kuomba radhi. Orodha ya Novemba inaweza kuwa na mstari wa mwisho usio na jina, kwa ajili ya yule ambaye kaburi lake limefyekwa na mtu asiyemjua.